Kaka yangu wa filimbi sasa ni msaidizi wangu: nianzie wapi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwamuzi wa kike, bado mchanga kwenye kazi hii. Tangu nihitimu kozi nimekuwa mshika kibendera, na mara nyingi nimepangwa na mwamuzi wa kati mmoja wa siku nyingi. Sote tunamwita kaka mkubwa. Ndiye aliyenifundisha kukaa sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho, na ndiye aliyenitetea nipewe mechi za wakubwa wakati wengine wakisema sitahimili kelele za mashabiki. Kwa hiyo haya nayaandika kwa heshima, na sitaki yamharibie jina.

Shida yangu ni utaratibu wake. Anafika uwanjani timu zikiwa zimeshaanza kupasha misuli. Kikao cha waamuzi kabla ya mechi hakuna. Nikiuliza tutagawanaje kazi, jibu lake ni hilo hilo: "Mpira ni ule ule, tutaonana humo ndani." Basi tunaonana humo ndani, na mara nyingi yeye ameonyesha mpira wa kurusha upande huu na mimi upande ule, benchi zima linacheka.

Mechi yetu ya mwisho ndiyo iliyonikosesha usingizi. Alimpa kadi ya njano mchezaji ambaye tayari alikuwa nayo tangu kipindi cha kwanza. Mimi nilikuwa nimeiandika. Nilidhani naye ameiandika, nikasubiri atoe nyekundu. Hakutoa, akapuliza, mpira ukaendelea, na mimi nimeganda na kibendera changu. Baada ya mechi nilipomwambia, akasema nisimpigie kelele za kitabu.

Halafu kuna mazoea yake na timu. Makocha anawaita kwa majina ya utani, na jioni anaweka picha mtandaoni akiwa na wachezaji, huku akijibu mashabiki kuhusu penalti aliyotoa au aliyoinyima. Mara nyingine anapanda basi la timu mwenyeji.

Sasa Mwalimu, uteuzi umetoka. Wikiendi ijayo nitachezesha mimi katikati, mechi yangu ya kwanza kubwa, na yeye ni msaidizi wangu, mshika kibendera. Ameshanipigia simu kunipongeza. Amesema nisiwe na wasiwasi, nikikwama nimtazame yeye tu, na kwamba basi la wenyeji litatupitia.

Nitamwambiaje mtu mzima, mwalimu wangu, kwamba safari hii tutakaa kikao na mimi ndiye nitakayekiongoza? Akidharau je? Nimripoti kwa waliotupanga? Na mimi mwenyewe nijiandae vipi wiki hii?

Mshika Kibendera

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uteuzi.

Nianze na lile ulilolificha katikati ya barua, la basi. Hilo usilijadili hata na moyo wako: usipande. Timu ya ugenini ikikuona unashuka kwenye basi la wenyeji, kila uamuzi utakaowanufaisha wenyeji utaelezwa kwa basi hilo, hata ukiwa sahihi kwa sentimita. Na kabla hujafika, utakuwa umekaa njia nzima ukisikia beki yupi wa ugenini ni mkorofi na mshambuliaji yupi hupenda kujiangusha. Utaingia uwanjani na kesi zilizokwisha kuhukumiwa. Mjibu kaka leo, kwa ufupi: "Asante kaka, nimeshapanga usafiri wangu. Tukutane uwanjani dakika 90 kabla ya mechi." Usimhubirie habari za maadili. Kama usafiri kweli huna, wapigie waliokupanga, si klabu. Ni wajibu wao kujua namna waamuzi wao wanavyofika.

Umeona nimeingiza dakika 90 kwenye sentensi ileile? Ni kwa makusudi. Muda wa kukutana umeutoa wewe, umeutoa mapema, na umeutoa kwa simu, pasipo mtu wa tatu anayesikiliza. Watu wengi wa umri wake hawakatai kuongozwa na mdogo. Wanachokataa ni kuongozwa mbele za watu bila kuandaliwa. Ukisubiri kumpangia kazi pale chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya msaidizi wa pili na kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, atajitetea kwa mzaha, na mzaha wake utakula kikao chako chote.

Kwa hiyo heshima yako kwake iendelee kama kawaida. Msalimie kwanza, muite kaka, mpishe kiti. Lakini uamuzi wa mechi ile ni wako. Kanuni ya 5 ya sheria za soka inampa mwamuzi aliyeteuliwa kwa mechi hiyo mamlaka yote ya kuzisimamia sheria, na Kanuni ya 6 inasema maofisa wengine wanafanya kazi chini ya uongozi wake. Haizungumzii umri wala nani alimfundisha nani. Yeye anaijua kanuni hiyo, maana ndiyo iliyomlinda miaka yote aliyokwambia "tutaonana humo ndani".

Na lile la "ukikwama nitazame mimi"? Kubali nusu yake. Mtazame, ndiyo, maana mwamuzi asiyewatazama wasaidizi wake anachezesha peke yake. Ila mkubaliane mapema anakuambia nini na kwa ishara gani. Akianza kukuamulia kwa midomo kutoka pembeni, wachezaji watagundua ndani ya dakika kumi, na kuanzia hapo malalamiko yote yatapelekwa kwake.

Sasa kikao. Hapa ndipo nataka ukae sana, maana mambo mawili ya uwanjani uliyoyalalamikia, mipira ya kurusha na kadi iliyopotea, yana mzizi mmoja: hamkuzungumza kabla ya filimbi.

Kikao kizuri ni dakika 15, hakihitaji zaidi. Ukikirefusha, kaka ataanza kuchezea simu. Anza na yeye. Kama uteuzi haukutaja nani ni msaidizi wa kwanza, mpe yeye upande wa mabenchi. Najua utashtuka, kwa sababu umeniambia ana utani na makocha. Nimelifikiria hilo na bado nasema mpe. Upande ule ni wa mwenye uzoefu zaidi, wachezaji wanabadilishwa pale, na pasipo mwamuzi wa mezani, yaani yule wa nne, yeye ndiye macho yako kwa benchi. Ukimpeleka upande wa pili, wewe mdogo wake, umemvunjia heshima kabla ya mchezo kuanza, na utani wake na makocha utageuka kuwa huruma ya makocha kwake. Mpe, halafu mwambie wazi mbele ya mwenzenu: "Kaka, benchi nakuachia wewe. Salamu kwao ni moja tu kabla ya mechi. Mtu akitoka eneo la ufundi kulalamika, mrudishe mara moja. Akirudia, niite." Ukimpa kazi yenye uzito namna hiyo, hatapata nafasi ya mzaha.

Kisha mipira ya kurusha. Kubalianeni kwamba iliyo karibu naye ni yake, iliyo karibu na wewe ni yako, na ile ya katikati mnatazamana kwanza ndipo mkono au kibendera kinyanyuke. Anayejua upande kwa hakika ndiye anayeashiria, mwenzake anafuata. Kibendera kikichelewa nusu sekunde hakuna atakayekumbuka. Vikipingana, uwanja mzima utakumbuka.

Kwenye kuotea, waambie wote wawili wasubiri. Kuwa mahali pa kuotea peke yake si kosa, lazima mchezaji ajihusishe na mchezo. Mpira ukipigwa kuelekea wawili, mmoja ameotea na mwingine hajaotea, kibendera kikae chini mpaka ijulikane nani anaufuata. Na ukiwa umeona kitu ambacho msaidizi hakukiona, kwa mfano mpira ulichezwa kwa makusudi na beki, mnyanyulie mkono kumwonyesha kwamba umemwona, kisha mchezo uendelee. Usimpuuze kama vile hayupo. Hasa huyu.

Penalti: msaidizi anasimama pale mstari wa goli unapokutana na mstari wa eneo la hatari. Goli halali: mnatazamana, naye anakimbia kuelekea mstari wa kati. Mpira uliovuka wote mstari wa goli kisha ukarudi uwanjani na mchezo ukaendelea: kibendera juu kwanza akuvute macho, ndipo akueleze. Vurugu ya wachezaji wengi: wewe na msaidizi wa karibu mnaingia kutenganisha, yule wa mbali anabaki nyuma akiandika namba. Haya ni mafupi, yapitie haraka.

Usilolipitia haraka ni la kadi. Wote watatu mnaandika kadi zote na mabao yote, kila mmoja kwenye karatasi yake, namba na timu. Na kila ukitoa njano, kabla hujapuliza kuanzisha tena, unatazama upande mmoja kisha wa pili. Mwenye habari kwamba mchezaji huyo tayari ana njano anagusa mfuko wa kifua, au ishara nyingine yoyote mtakayochagua. Hakuna kudhani kwamba mwenzako ameandika. Kisa cha Graham Poll wa Uingereza nadhani kaka anakikumbuka vizuri: Kombe la Dunia 2006, Stuttgart, Croatia na Australia. Alimwonyesha Josip Šimunić kadi ya njano mara tatu ndipo ikatoka nyekundu. Šimunić alivaa namba 3, na kadi moja Poll aliiandika kwenye namba 3 ya Australia. Wasaidizi walikuwepo, mwamuzi wa mezani alikuwepo, vifaa vya mawasiliano vilikuwa masikioni, na bado hakuna aliyemzuia kwa wakati. Huyo alikuwa miongoni mwa waamuzi wakubwa wa dunia. Kitaje kisa hiki kikaoni kama mfano, bila kugusa mechi yenu ya mwisho. Kaka ataelewa mwenyewe, na utakuwa umemuachia uso wake.

Kwa upande wako, ile mechi ya mwisho usiibebe kama dhambi, ila chukua funzo hili: msaidizi anayejua jambo ambalo mwamuzi hajui hasubiri. Kibendera juu, papo hapo, paza sauti ikibidi. Mchezo ukishaanza tena, mwamuzi hawezi kurudi nyuma kubadilisha namna ulivyoanzishwa, hata wasaidizi wote wawili wakimwambia amekosea. Ndiyo maana ile sekunde kabla ya filimbi ina thamani kubwa kuliko maelezo yote ya baada ya mechi.

Maandalizi yako mwenyewe, sasa. Usifanye mazoezi mazito siku ya mwisho ukidhani utafidia kitu. Kwa kipimo cha mwelekeo, mtihani wa FIFA wa waamuzi wa kimataifa una mbio 6 za mita 40, halafu kukimbia mita 75 na kutembea mita 25 mara 40, jumla mita 4,000. Huhitaji kuufikia wikiendi hii, lakini unakuonyesha kazi yetu ilivyo: kufyatuka, kupumzika kidogo, kufyatuka tena. Fanya zoezi la namna hiyo mapema wiki hii, kisha punguza. Siku ya mwisho, kunyoosha viungo na kulala kunatosha. Kama umezoea mstari tu, kumbuka kwamba katikati utakimbia kwa mshazari na utahitaji kugeuka mara nyingi. Izoeze miguu ukimbiaji huo, maana wa pembeni ni tofauti.

Soma kanuni za mashindano yenyewe kabla ya kusoma kingine chochote. Wachezaji wangapi wa akiba wanaruhusiwa kuingia? Sare ikitokea mnaenda dakika za nyongeza au penalti moja kwa moja? Mashindano haya yanatumia ule mwongozo wa nahodha peke yake kumwendea mwamuzi? Wapo waamuzi walioaibika si kwa penalti, bali kwa kuulizwa mojawapo ya haya na nahodha wakatazama angani.

Jifunze pia timu. Pierluigi Collina, aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia 2002 kati ya Brazil na Ujerumani, alijulikana kwa kusoma namna timu zinavyocheza kabla ya mechi ili ajue asimame wapi. Hiyo ni tofauti kabisa na habari za kwenye basi. Kujua kwamba timu fulani hupiga kona fupi kunakusaidia kuchagua mahali pa kusimama. Kujua kwamba fulani ni mkorofi kunakuharibia macho.

Mkoba: filimbi mbili, saa mbili, kadi zote mbili, daftari, kalamu mbili, sarafu ya kurusha, jezi ya rangi ya pili endapo yako itafanana na ya timu. Kadi nyekundu weka mfuko tofauti na wa njano, ili mkono usikosee wakati moyo unakwenda mbio.

Ukifika, kagua uwanja wewe mwenyewe. Mamlaka yako ya nidhamu yanaanza hapo hapo, unapoingia uwanjani kwa ukaguzi. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, na kijiti cha bendera ya kona kisipungue mita 1.5. Vuta nyavu, tikisa nguzo. Magoli ya kuhamishika lazima yafungwe ardhini. Hapo usikubali ahadi za "tutafunga baadaye", maana goli likimwangukia mtoto hakuna kadi itakayosaidia. Mpira uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Kwenye vifaa vya wachezaji, mapambo yote yanavuliwa, na kuyafunika kwa plasta hakuruhusiwi. Watakubembeleza. Timu yoyote ikiwa na wachezaji pungufu ya saba, mechi haianzi.

Sasa swali lako zito: umripoti? Kwa utani, picha na kuchelewa kwa siku za nyuma, mimi singeanza na ripoti. Ungemshitaki kwa mambo ambayo hukuwahi kumwambia ana kwa ana, na wiki ambayo umepewa nafasi yake. Mwambie kwanza, siku yoyote baada ya mechi hii, mkiwa wawili. Ya wikiendi hii ni tofauti, kwa sababu wewe ndiye kiongozi wa kikosi. Akija na basi la wenyeji licha ya ulichomwambia, mjulishe kamisaa kabla ya mchezo, na kaka mwenyewe ajue kwamba umemjulisha. Usifanye kwa siri.

Lakini siku utakayoona bahasha, au ukasikia mtu anaulizwa matokeo ya mechi ambayo haijachezwa, usitafute faragha ya kuzungumza na kaka. Peleka siku hiyo hiyo. Robert Hoyzer wa Ujerumani, aliyepanga matokeo kwa fedha za wacheza kamari, alifichuliwa mwanzoni mwa 2005 baada ya waamuzi wenzake kupeleka shaka yao kwa shirikisho. Novemba mwaka huo huo alihukumiwa kifungo cha miaka 2 na miezi 5. Waliosema walikuwa watu wa chumba chake, waliovaa jezi kama yake. Sikuambii kwamba kaka yuko huko, na barua yako haionyeshi hivyo. Nakuonyesha tu mstari uko wapi.

Baada ya mechi, mshukuru kila mmoja kwa jambo moja alilolifanya vizuri, kisha andika ripoti usiku huo huo ukiwa bado unakumbuka dakika na namba. Andika ulichokiona na maneno yaliyosemwa, acha hisia zako. Mtandaoni usiandike chochote, hata "asanteni kwa mchezo mzuri". Mtu atakuuliza kuhusu penalti chini yake, na ukimjibu mmoja umewajibu wote. Kaka akiweka picha ya kikosi chenu na kuanza kubishana na mashabiki kuhusu uamuzi wako, mpigie aifute. Ni uamuzi wako ndio unaojadiliwa, kwa hiyo una haki hiyo.

Na akichelewa je? Dakika 90 zikifika na hayupo, kagua uwanja na msaidizi wa pili, kisha anzeni kikao kwa saa mliyopanga. Kaka akifika, msalimie, mwambie mlipofika, na uendelee. Usirudie kuanzia mwanzo. Yale ya benchi na ya kadi mwambie peke yake mkipasha misuli, na umwombe akurudishie kwa maneno yake.

Mwalimu